GIST tumboni, sentimita 9: shemeji ameandikiwa kemo. Tuanzie wapi hapa Nakuru?

Mwana_Njoro · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wanajamvi, salamu. Naomba majibu ya watu wanaoijua shughuli hii. Maombi tunayo ya kutosha nyumbani.

Mgonjwa ni shemeji yangu, mume wa dada, miaka 52, mkaaji wa Njoro. Alikuwa na choo cheusi kwa wiki kadhaa, himoglobini ikashuka hadi 7.8, akaongezewa damu. Endoskopi ilisema ni vidonda vya tumbo. Baadaye skani ya CT ikaonyesha uvimbe wa sentimita 9 kwenye ukuta wa tumbo la chakula, upande wa juu, karibu na umio unapoingilia. Ini ni safi. Wamechukua kipande kwa sindano, na ripoti inasema ni uvimbe wa seli ndefu zilizochongoka, "inaelekea ni GIST, vipimo zaidi vinapendekezwa".

Kliniki ya saratani ni baada ya wiki mbili. Karatasi ya rufaa imeandikwa "kwa kemo". Ana presha, anameza amlodipini.

Hii GIST ni kitu gani na mbona endoskopi haikuiona? Kemo itamfaa? Jamaa wameanza kuchanga apelekwe India, ni lazima? Na hizi wiki mbili tufanye nini badala ya kukaa tukihesabu siku?

Bloku_na_Slaidi · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Poleni, wewe na dada yako. Nitajibu upande wa maabara. Dawa nawaachia wenye dawa.

GIST ni aina ya uvimbe wa saratani wa ukuta wa tumbo na utumbo. Hutokana na seli za Cajal, zile zinazopiga mdundo unaosukuma chakula. Seli hizi zinakaa ndani ya msuli wa ukuta wa tumbo na utumbo, wala si kwenye utando laini wa juu ambako saratani ya tumbo iliyozoeleka huanzia. Kamera ya endoskopi hupita juu ya utando mzima usio na kasoro, au wenye kidonda kidogo pale uvimbe ulipotoboa, na kikoleo chake hunyofoa juu juu tu. Kwa hiyo jibu la "vidonda vya tumbo" si ushahidi kwamba daktari alizembea. Ni ugonjwa nadra, kama watu 10 hadi 15 kwa kila milioni kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya uvimbe huu huota kwenye tumbo la chakula.

Neno la kulitazama kwenye ripoti yenu ni hilo "inaelekea". Bado hakijathibitishwa kitu. Chini ya darubini, seli ndefu zilizochongoka zinaweza kuwa GIST, zinaweza kuwa uvimbe wa msuli laini, zinaweza kuwa uvimbe wa ala ya neva. Zinafanana mno, na matibabu yake ni mbalimbali kabisa. Kinachozitenganisha ni upakaji rangi kwa kingamwili, unaotafuta alama za seli: CD117 na DOG1 hushika kwenye GIST, desmini na SMA huelekeza kwenye msuli, S100 kwenye neva. Kama 95 kati ya GIST 100 hushika CD117. DOG1 huziokoa nyingi kati ya zile zinazobaki.

Kipande chake hakijatupwa. Kiko ndani ya bloku ya parafini (nta), na maabara huihifadhi kwa miaka. Kama vipimo hivyo havifanyiki pale mlipo, bloku inaweza kupelekwa kwingine. Aga Khan ya Nairobi, kwa mfano, wanavifanya. Nendeni na barua ya daktari, kitambulisho cha mgonjwa, na nambari ya maabara iliyo juu ya ripoti. Si nambari ya faili ya hospitali: watu huzichanganya hizi mbili na kupoteza siku nzima dirishani. Mkipewa bloku mkononi, tieni sahihi, ifungeni, na msiiache kwenye dashibodi ya gari juani, maana parafini hulainika.

Jambo moja ambalo hata wahudumu husahau: kipande cha sindano ni kidogo kama uzi. Kila bloku inaporudishwa kwenye mashine ya kukata, vipande vya kwanza hupotea katika kuisawazisha. Ukiomba CD117 leo, DOG1 wiki ijayo, kisha jeni mwezi ujao, nyama inaisha. Daktari aombe vyote kwa mkupuo mmoja, na maabara ikate slaidi za ziada 10 hadi 15 zisizopakwa rangi, ziwekwe tayari kwa kipimo cha jeni.

Kipimo cha jeni ni cha nini? GIST nyingi zina hitilafu kwenye jeni ya KIT, mara nyingi kwenye sehemu ya jeni iitwayo ekzoni 11, na hizo ndizo zinazosikia dawa vizuri zaidi. Za ekzoni 9 huhitaji dozi kubwa zaidi. Halafu kuna hitilafu iitwayo D842V kwenye jeni ya PDGFRA, ambayo hukaa hasa kwenye tumbo la chakula na haisikii imatinibu, kidonge cha GIST, hata kidogo. Kummezesha mtu huyo imatinibu miezi sita ni kumpotezea miezi sita. Ulizeni kama kipimo hufanyika hapa nchini au sampuli inasafirishwa, maana muda na bei hutegemea hilo.

Na CD117 ikirudi hasi, kabla ya kulikubali jibu ulizeni swali moja: seli za mast zilizo kwenye kipande hichohicho zilishika rangi? Seli hizo za kinga hushika CD117 kwa kila mtu. Kama nazo hazikushika, kipimo chenyewe kimeshindwa, na mara nyingi kosa lilianzia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi kipande: ilikuwa kidogo kuliko mara kumi ya ukubwa wa kipande, au haikusawazishwa asidi yake, au kipande kilikaa humo chini ya saa 6.

MamaDawa_Kisumu · Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Karatasi ya "kwa kemo" huandikwa hivyo kwa kila anayepelekwa kliniki ya saratani. Isiwatishe. Kemo ya dripu kwa GIST karibu haifanyi kazi, na mionzi hutumika mara chache, kama vile kutuliza maumivu. Mkifika mkaandikiwa dripu wakati CD117 iko chanya, ulizeni kwa adabu kama imefikiriwa imatinibu.

Imatinibu ni kidonge. Kwenye GIST, KIT ni kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, seli zinagawanyika bila kuambiwa. Kidonge hiki hukaa kwenye swichi hiyo na kuizima. Marekani iliidhinisha kwa GIST mwaka 2002. Jina la kampuni asilia ni Glivec, ila zipo za jina la dawa tu, za bei nafuu zaidi, nyingi kutoka India. Ndiyo, dawa ambayo jamaa wangeifuata India inafika hapa.

Dozi ya kuanzia ni miligramu 400 mara moja kwa siku. Imezwe katikati ya mlo au mara baada ya kula, mlo wa kushiba kama ugali na mboga, si chai na kipande cha mkate. Maji glasi kubwa, mililita 200, akiwa ameketi, na asilale mara baada ya hapo. Wanaolalamika kwamba "inachoma" au inatapisha, wengi wanaimeza tumbo tupu au kwa funda moja la maji. Asiyeweza kumeza, kidonge cha 400 kinakorogwa kwenye maji mililita 200 hadi kitawanyike, kinywewe palepale. Akitapika baada ya kumeza, asirudie dozi. Angoje ya kesho.

Kabla ya kidonge cha kwanza: hesabu kamili ya damu, ini, figo, uzani, na hepataitisi B. Hii ya mwisho msiiruke, kwa sababu kirusi kilicholala kinaweza kuamka mtu akiwa kwenye imatinibu. Hesabu ya damu hurudiwa kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili, kisha kwa nafasi zaidi. Ini kila mwezi. Daktari husimamisha dawa kwa muda chembe za nyutrofili zikishuka chini ya 1.0 au chembe sahani chini ya 50, zikipanda anairudisha.

Atakayoyaona: kope kuvimba asubuhi, karibu kila mtu, mikakamao ya misuli usiku, kichefuchefu, kuharisha. Uzani ukipanda kilo mbili au tatu kwa siku chache, hayo ni maji mwilini, apige simu kliniki. Na ngozi inaweza kufifia rangi, kwa kuwa KIT hutumika pia kwenye seli zinazotengeneza weusi wa ngozi. Kwetu weusi hili huonekana waziwazi, watu wakaanza kunong'ona kuhusu krimu. Familia iambiwe mapema.

Sasa mchanganyiko wa dawa, na hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Imatinibu huvunjwa ini na kimeng'enya CYP3A4. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini hukiharakisha, imatinibu ikapungua. Ketokonazoli na klarithromaisini hukizuia, ikazidi. Balungi hufanya hivyohivyo. Machungwa ya kawaida hayana neno. Imatinibu nayo huizuia amlodipini kuvunjwa, hivyo presha ya shemeji inaweza kushuka kuliko inavyotakiwa: ipimwe kila wiki mwanzoni. Kwa walio kwenye dawa za VVU, mchanganyiko wa dolutegraviri hauna ugomvi mkubwa, lakini efavirenzi na nevirapini hupunguza imatinibu. Malaria ikija, na huku ziwani inakuja tu, atibiwe kama kawaida, lakini mtoa dawa ajue kuhusu imatinibu, maana dawa ya malaria nayo hupitia kimeng'enya hichohicho na moyo huenda ukahitaji kuangaliwa. Panadoli kwa kiasi. Brufen, diklofenaki na aspirini asiguse, uvimbe wake umeshavuja damu.

Mwandikie daktari kila kitu anachomeza. Kila kitu.

Section58_Halisi · Jumanne, saa 4:30 asubuhi

Mnazunguka sana. Uvimbe ni kitu cha kukatwa. Ungekuwa wangu ningetaka utoke kesho, hayo ya vidonge baadaye. Na kuna mzee wa miti shamba pale Bahati amesaidia wengi.

Glavu_Saba · Jumanne, saa 7:20 mchana

Section58, nusu ya maneno yako ni kweli. Upasuaji ndio unaoweza kuiponya GIST ambayo haijasambaa. Shida iko kwenye "kesho".

Uvimbe huu una ganda jembamba na ndani ni laini kama ini la kuku, huku sehemu nyingine zimejaa damu. Ukipasuka mikononi, seli humwagika tumboni, na hapo mgonjwa huhesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa hata kama kila kitu kingine kilikuwa kizuri. Kwa hiyo daktari hauvuti wala haubani. Huutoa mzima pamoja na ukingo mdogo wa ukuta wa tumbo. Tezi za limfu kwa kawaida haziguswi, kwa sababu GIST hupenda kwenda kwenye ini na kwenye utando wa ndani wa tumbo, mara chache sana kwenye tezi. Mkiambiwa kuna upasuaji wa "kusafisha tezi zote", ulizeni sababu.

Uvimbe wa sentimita 9 uliokaa chini kwenye tumbo, mbali na milango yote, ningeunga mkono utolewe mapema. Huu uko karibu na umio. Ukitolewa ulivyo, pengine tumbo lote litakwenda, na mtu asiye na tumbo hula milo midogo sita kwa siku na kuchomwa vitamini B12 maisha yake yote. Imatinibu kwanza, kwa miezi 6 hadi 12, inaweza kuupunguza hadi ikatoka sehemu tu ya tumbo. Ndiyo maana hata jeni inatakiwa kabla: hakuna haja ya kungoja miezi hiyo kwa dawa isiyosikika.

Tahadhari ya skani: mkirudia CT baada ya miezi miwili au mitatu, msome ripoti nzima, si urefu peke yake. GIST inayosikia dawa inaweza kubaki na ukubwa uleule, hata kuonekana imeongezeka kidogo kwa maji, huku ndani imekuwa nyeusi zaidi kwenye picha kwa sababu imekufa. Wapo waliobadilishiwa dawa iliyokuwa ikifanya kazi kwa kutazama sentimita tu. Ombeni skani zisomwe kwa kulinganishwa, kwenye mashine moja ikiwezekana.

Miti shamba: sina ugomvi na mzee wa Bahati. Nasema aiache angalau miezi miwili ya mwanzo. Vipimo vya ini vikipanda, daktari atasimamisha imatinibu maana hatajua ni ipi kati ya hizo mbili iliyoumiza ini, na mtakuwa mmepoteza dawa ya maana kwa ajili ya mchemsho.

Mwana_Njoro · Jumanne, saa 2:45 usiku

Asanteni sana. MamaDawa, ulivyosema "kila kitu" nikampigia dada. Kumbe shemeji yuko kwenye dawa za TB, mwezi wa tatu. Hakuna aliyeuliza na hakuna aliyetaja, kwa sababu hizo anachukua zahanati, si hospitali.

MamaDawa_Kisumu · Jumanne, saa 3:15 usiku

Hilo linabadilisha mpango wote. Afadhali umelitoa leo.

Ndani ya dawa za TB kuna rifampisini. Ndiyo kiharakishi kikali kuliko vyote nilivyotaja: hushusha imatinibu kwenye damu kwa karibu robo tatu. Anameza 400, mwili unapata kama 100. Hataumwa wala hataona dalili yoyote ya ajabu. Uvimbe utaendelea tu kukua, kisha mtu aandike kwenye faili kwamba "imatinibu imeshindwa" na apandishwe kwenye dawa ya pili, sunitinibu, ambayo ni kali na ghali zaidi, na yenyewe pia hupunguzwa na rifampisini.

Kwanza: dawa za TB haziachwi. Hata siku moja. TB iliyokatishwa hurudi ikiwa sugu, na hapo hata upasuaji utaahirishwa.

Njia zilizopo ni tatu, na zinaamuliwa na daktari wa saratani akiwa anaongea na wa TB, si nyinyi wala mimi. Amalize TB, miezi mitatu iliyobaki, kisha zingojwe kama wiki mbili athari ya rifampisini iishe, ndipo imatinibu ianze. Au rifampisini ibadilishwe kwa rifabutini, ambayo huharakisha kimeng'enya kwa kiasi kidogo zaidi. Au imatinibu ipandishwe kwa angalau nusu ya dozi huku akifuatiliwa kwa karibu, njia ambayo binafsi siipendi, kwa kuwa rifampisini ikiisha na dozi ikasahaulika huko juu, sumu inamkuta mgonjwa. Njia yoyote ile, ini lipimwe mara nyingi. Dawa za TB nazo hulichosha.

Kesho zahanati wampigie nakala ya kadi ya TB yenye tarehe ya kuanza na majina ya dawa. Iwe karatasi ya kwanza kwenye faili.

Glavu_Saba · Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Nami narudisha maneno yangu hatua moja. Kama kidonge hakiwezi kufanya kazi kwa miezi mitatu na uvimbe umeshavuja damu, swali la kumuuliza daktari wa upasuaji si tena "kidonge kwanza?". Ni hili: damu ikisimama, kuna hatari gani kungoja hadi TB iishe, na ikivuja tena mpango ni upi, nani anaitwa? Section58, huenda ukapata kisu chako mapema.

Mjue pia kwamba upasuaji ukitangulia, kidonge hakikosekani. Ukubwa wa zaidi ya sentimita 5 pamoja na seli zinazogawanyika zaidi ya 5 katika milimita mraba 5 humweka mtu wa GIST ya tumbo kwenye hatari kubwa, na hao humeza imatinibu miaka 3 baada ya kukatwa. Hesabu hiyo ya seli haiaminiki kwenye kipande cha sindano. Itasomwa kwenye uvimbe mzima. Daktari wa usingizi aelezwe habari ya TB kabla, si siku yenyewe.

Sista_Nyalenda · Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Wenzangu wamemaliza dawa. Mimi nina ya faili, pesa na mtu mwenyewe.

Faili: ripoti ya patholojia, diski ya picha za CT (daktari atataka picha, maelezo ya karatasi hayatoshi), vipimo vya damu kwa mpangilio wa tarehe, kadi ya TB, dawa zote kwenye mfuko wa plastiki na pakiti zake. Nakala mbili. Halisi msimwachie mtu.

SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF: kadi ya NHIF haina kazi tangu Oktoba 2024. Piga *147#, hakikisha dada na mumewe wameunganishwa kama nyumba moja. Asiye na ajira ya mshahara hupimwa mapato, hutozwa asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Akilipa nusu, dirishani ataonekana hajalipa. Ulipoanza, mfuko uliweka 400,000 za saratani kwa nyumba kwa mwaka na 150,000 za ziada kutoka mfuko wa magonjwa sugu zikiisha, na kiwango kimetangazwa kupanda baadaye, kwa hiyo ulizeni dawati la SHA kiasi cha leo. Kumbukeni ni kwa nyumba, si kwa kichwa. Kibali huombwa kabla ya huduma. Vipimo vikubwa visifanywe kwa fedha taslimu kwa haraka halafu mkatumaini kurudishiwa.

Imatinibu ya bure ipo kwa baadhi ya wagonjwa kupitia Max Foundation, shirika la Marekani. Hapa Kenya mpango huo ulishika mizizi Nairobi Hospital. Mgonjwa hajiombei. Daktari ndiye humwandikisha, na bila ripoti ya CD117 ombi halisogei, ndiyo sababu nyingine ya kukimbilia bloku. Aulizwe siku hiyohiyo ya kliniki kama shemeji anaingia kwenye vigezo vyao.

Kuhusu wapi: PGH, hospitali kuu ya serikali hapa Nakuru, wana kituo cha saratani, mwanzie hapo kwa kuwa ni karibu na damu yake ikivuja ndipo mtakimbilia. Ila ombeni kesi ijadiliwe na timu ambayo imewahi kuiona GIST, iwe hospitali ya Moi Eldoret, ya Kenyatta au ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutuma diski na ripoti ni nafuu kuliko kumsafirisha mtu mwenye himoglobini ya 7. Pesa mlizochanga za India ziwekeni kwa nauli na vipimo. Uamuzi huo hauna haraka yoyote kabla ya CD117.

Sasa shemeji. Neno "nadra" humtenga mtu. Kila jirani atamletea hadithi ya saratani ya matiti au ya koo, nywele zitakatika, mionzi itachoma, na hakuna hata moja inayomhusu. Mwambieni kwa jina: "Inaelekea una GIST, uvimbe ulio kwenye ukuta wa tumbo, skani haijaona umesambaa kwenye ini, tunangoja rangi moja ya maabara." Mtu akijua anachongoja hulala. Akisoma mtandaoni, mtazame mwaka wa ukurasa: maandishi ya kabla ya 2002 yanasema waliosambaa waliishi kama mwaka mmoja na nusu, na baada ya imatinibu nusu ya hao walifika karibu miaka mitano. Yeye hata hajaonekana kusambaa.

Mchagueni mmoja wa kuongea na daktari, na mmoja huyohuyo aandike kwenye kundi la WhatsApp la familia mara moja kwa wiki. Simu ishirini kila jioni zinamchosha dada yako kuliko ugonjwa. Maumivu au usingizi vikimshinda, Nakuru Hospice wanahudumia hata anayeendelea na matibabu. Jina hilo lisiwatishe.

Mwana_Njoro · Jumatano, saa 1:30 usiku

Bloku tumeiomba leo, wamesema Ijumaa. Kadi ya TB ninayo. Swali la mwisho: wamempa vidonge vya madini ya chuma na choo kimekuwa cheusi tena. Tutajuaje kama ni damu?

Sista_Nyalenda · Jumatano, saa 2:05 usiku

Cha vidonge vya chuma ni cheusi chenye ukijani, kimeshikana, harufu ni ya kawaida. Cha damu kinang'aa na kunata kama lami, harufu yake kali hujaza choo kizima, na kuflashi mara moja hakitoshi. Tazama na mwili: akisimama akaona giza, jasho jembamba, mapigo zaidi ya 100 akiwa amekaa tu. Kwa presha msidanganyike, amlodipini huvuruga picha. Lolote kati ya hayo, ni dharura ya usiku huohuo PGH, msingoje kliniki. Asile chochote njiani, mbebe ile faili na watu wawili walio tayari kutoa damu. Na pale mapokezi mseme "GIST inayovuja, yuko kwenye rifampisini", kwa maneno hayohayo.